Mfereji Unaovuja

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Huku Maji ya Chai tu wazima. Mama yako amemaliza kuchuma kahawa, na goti langu limetulia.

Umeuliza kwa nini wazee tunakataa mfereji usakafiwe kwa saruji, na kama huo si ukaidi tu.

Nilipokuwa msichana, bwana shamba alisema mfereji wetu wa udongo unavuja, tunapoteza maji. Baba yangu, msimamizi wa mfereji, akakubali. Tulibeba mchanga kichwani, tukasakafia kipande kinachopita shambani kwetu. Nilijivunia sana kile kipande.

Kiangazi kilipofika, migomba ya kandokando ilinyauka, na chemchemi ya jirani yetu wa bondeni, Mama Anaeli, ikakauka. Alipanda kwetu na ndoo tupu.

"Baba Naomi, umenifungia maji."

Baba alichukua sururu. Akaanza kubomoa sakafu, nasi tukamsaidia. Mfereji ukavuja tena, na chemchemi ikarudi.

Sasa juzi wamekuja wataalamu wengine, na mchoro wa mfereji wa saruji. Sikubishana nao. Niliwapeleka kwenye chemchemi ile ile, wakanywa. Binti anayewaongoza aliutazama mfereji kule juu, akaitazama chemchemi, kisha akakunja mchoro.

"Bibi, kaeni kwanza kikao chenu cha mfereji. Mtuambie wapi paachwe pavuje."

Tangu siku hiyo nalala usingizi mzuri.

Ukija Krismasi, vaa mabuti. Njia ya shambani bado ina tope, namshukuru Mungu.

Bibi yako,
Naomi