Halwa Niliyomnyima Baba

Ibra, Oman
9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Badria,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Unguja, na goti lako liwe limekupa nafasi ya kusimama katika sala. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Nampa Asaad, anayesafiri kuja huko, akuletee kwa mkono, maana simu zetu huzipokei, na sikulaumu.

Maneno aliyokwambia Baba kwenye simu mwezi wa Rajabu, kwamba huna lako ila kuomba na usimpigie tena, najua yamekuchoma. Nami nikazidi kukoroga. Nikakwambia kakako uzee umemharibu. Shangazi, nilimsingizia. Mharibifu nilikuwa mimi.

Unajua ana kisukari. Daktari alipotwambia sukari imepanda, nikalishika jiko. Wali nikaupiga marufuku, na mkate, na tende, hata ndizi. Mchana matango na kipande cha samaki, usiku yai la kuchemsha. Vidonge nikampa vile vile vyote. Sikumuuliza daktari, nilikuwa nasoma kwenye simu, najiona nimejua. Baba akakonda, nami nikafurahi.

Ikawa kila alasiri anageuka. Jasho linamtoka, anamtukana mdogo wangu Zakariya bila sababu, kisha akitia kitu tumboni anatulia. Wewe ulipiga saa kama hizo. Yote nikayaita ukali wa uzee.

Wiki iliyopita tulikwenda Nizwa kwenye malka, yaani kufungishwa ndoa, ya Zakariya. Baada ya akdi tukakaa na wakwe, watu wa nyumba tu. Kahawa na halwa zikaletwa. Baba akanyoosha mkono, nami nikaisogeza sahani mbali naye, mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Baba, hii si yako." Akaurudisha mkono wake mapajani.

Haukupita muda akamwinukia Mzee Aflah, baba wa bibi harusi. "Mnatucheka kwa kuwa tumetoka Zinjibari! Mwanangu haoi hapa!" Hakuna aliyecheka, Shangazi. Watu waliinamisha vichwa. Nikamkokota mpaka garini huku namgombeza, "Umetuaibisha!" Kumbe hata kunisikia hanisikii. Hatujafika barabara kuu, akalegea mwili mzima, na Zakariya akakata usukani kuelekea hospitali.

Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamtia dripu, na punde akafumbua macho akauliza, "Akdi imeshafungwa? Mbona niko hapa?" Hakumbuki hata neno moja.

Daktari, mwanamke mpole, akaniuliza, "Leo amekula nini?" Nikajibu: chai kavu na tango. Akasema, "Ubongo unaishi kwa sukari. Ukiikosa, mtu hukasirika, akasema asiyoyajua. Na vidonge hivi vinataka mtu ale." Hakunikaripia. Laiti angenikaripia.

Mzee Aflah alikuja mwenyewe Ibra kumtazama, na ndoa iko pale pale. Vidonge vimepunguzwa. Baba anakula wali wake kwa kipimo, na tende mbili tatu, na amerudi kuwa yule unayemjua, anamtania kila apitaye mlangoni. Mimi kila nikimpakulia, sahani namsogezea karibu.

Lakini kila siku anauliza, "Badria mbona hapigi?" Jana nikashindwa kunyamaza, nikamweleza yote.

"Mimi?" akasema. "Nilimwambia Badria hivyo?"

Akakupigia papo hapo, hukupokea. Akakaa na simu mkononi mpaka adhana ya Isha.

Shangazi, mimi nisamehe utakapoweza, hata ikichukua muda. Baba hana kosa la kusamehewa. Akipiga, nakuomba umpokee.

Nisalimie Bwana Adil, na Wiam na wanawe. Mwenyezi Mungu akupe afya na ailainishe mioyo yetu sote.

Wako akupendaye, ingawa kwa haya,
mtoto wa kakako,
Jumana