Barua Ulizosoma Kabla Sijaziandika

Mpendwa kaka Njoroge,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama ulivyoniagiza ulipoanza kazi ya meli, na safari hii sinung'uniki. Zamani nilinung'unika sana. Nilikuuliza mtoto wa mama yetu, Maitu, anaandikiwaje na dada yake kwa lugha ya sokoni, kana kwamba mimi ni karani na wewe ni mnunuzi wa kahawa. Ukanijibu kwa mstari mmoja: "We andika tu, wa kununa, sababu utaijua." Nimeijua, kaka. Nimeijua wakati wewe huwezi tena kunicheka.

Unakumbuka asubuhi uliyoondoka, pale stesheni ya Ruiru? Maitu alikufungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akakuonya usinywe maji ya bahari hata ukishikwa na kiu namna gani, maana alikuwa amesikia kanisani kwamba yana chumvi. Ulicheka mpaka ukashika nguzo. Mimi nilikuwa nimenuna. Ulikuwa umeniambia unakwenda kuchochea makaa kwenye tanuri za meli, nikakuuliza kwani Thika makaa yameisha. Kabla hujapanda ukaniuliza jambo moja tu. "Njata akizaa utaniandikia?" Njata, ng'ombe, yule wa alama nyeupe kwenye paji. Nikakuahidi. Mimi nitabakije, hukuuliza. Nililia njia nzima kurudi nyumbani Murera na Maitu akadhani ni uchungu wa kuachana. Ilikuwa hasira.

Lakini niliandika. Jumamosi baada ya kuchuma kahawa nilikaa juu ya debe nililolipindua, nikakuandikia mambo yote ya nyumbani. Njata alipotafuna leso ya mama mchungaji kwenye kamba ya nguo, nilikuandikia kurasa tatu. Wewe ukanieleza juu ya ile nyumba ya mabaharia ya Mombasa, iliyowekwa na watu wa makanisa ili baharia asiye na ndugu mjini apate kitanda, chai, na mtu wa kumshikia barua zake meli ikiwa mbali. Hata kanisa letu liliombwa msaada. Akina mama wakafuma soksi za sufu, nene kabisa, maana kwetu mtu akisema maji mengi sisi tunafikiria baridi. Ukaniandikia kwamba mabaharia wameshukuru sana na wanazitumia kushikia birika la moto. Maitu sikumsomea hapo.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ikamwona kila Mkikuyu kuwa Mau Mau, tukatolewa Murera na kuingizwa kijiji kile cha mtaro na mageti. Nitakuambia sasa jambo nililokuficha. Njata hakuja nasi. Alichukuliwa na askari siku ileile pamoja na ng'ombe wengine wa upande wetu, na Maitu akabaki ameshika kamba. Sikuweza kukuandikia hilo. Nikaandika, "Njata mzima, ana mimba." Ni uongo wangu wa kwanza kwako na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Uongo wa pili sikuuweza. Yule kijana wa Kiganjo aliponiacha na kutuma wazee kudai mbuzi wake wa mahari, nilikuandikia wewe peke yako. Wasichana niliochuma nao kahawa sikuwaambia. Niliandika karibu na jiko, cheche ikaruka ikatoboa karatasi pembeni, nikakutumia hivyohivyo. Jibu likaja na salamu za mtu nisiyemjua, baharia mwenzako Shee wa Lamu: "Mwambie dada wa bara asilie. Anayefuata mbuzi, mwache aoe mbuzi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba barua zangu ulizisoma mezani, mbele ya wanaume. Nilihisi nimevuliwa nguo sokoni. Uliandika mara tatu kuomba radhi. Ulinieleza kwamba wengi pale hawapati barua kutoka kwa mtu yeyote, na kwamba wenye barua huzisoma kwa sauti ili kila mtu apate kidogo. Ndiyo desturi ya meza ile, ulisema, kama chai. Nami nikasema moyoni, basi wanywe chai. Nikanyamaza mwaka mzima. Nilikuwa napita posta ya Thika naangalia upande wa pili.

Nilikuwa nimeamua kukuandikia baada ya msimu wa kahawa. Nataka ujue hilo, hata kama halisaidii kitu. Kabla msimu haujaisha lilikuja sanduku lako.

Lilikuja na barua ya mzee Elia, yule Mtaita mtunza nyumba ya mabaharia. Alisema homa ilikushika meli ikirudi kutoka Bombay, na ulizikwa baharini. Nilimsomea Maitu taratibu. Akaniuliza ni upande gani, ili ajue pa kuelekeza uso akiomba. Nikamwonyesha upande wa reli.

Siku tatu sikuweza kuendelea na karatasi ya pili. Nilipoisoma ndipo nilipokujua, kaka yangu. Mzee Elia anasema ulipoingia pale mara ya kwanza baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, watu walikumbuka wewe ni Mkikuyu wakasogeza vikombe vyao. Hakuna aliyekutukana. Walihama tu benchi. Basi ukatoa barua yangu, ile ya leso ya mama mchungaji, ukaanza kujisomea kwa sauti peke yako. Shee akacheka kwanza. Mpaka ukafika mwisho walikuwa wamerudi wote, na tangu siku hiyo nafasi yako haikukaliwa na mtu.

Kisha anaandika hivi: "Binti yangu, mwaka huu wa mwisho kaka yako alisoma barua zako kila meli ilipotia nanga. Mvua za Murera, mama anavyoendelea, Njata anavyonenepa. Wenzake wa benchi hawajui kusoma. Mimi najua. Zote zilikuwa karatasi ileile yenye tundu la moto pembeni. Sikusema kitu."

Karatasi ile nimeikuta sandukuni mwako, na tundu lile nimeliona. Karatasi imelainika mpaka inakaa mkononi kama kitambaa. Umeishika mara ngapi, Njoroge, ukatazama maneno yangu ya uchungu na kusoma mengine ambayo sikuyaandika? Mimi nilikunyima barua, nawe ukawaambia watu kwamba dada yako hajakusahau. Naona aibu mpaka leo, na sidhani itaisha.

Mwishoni mzee Elia ameleta salamu. Meza inatoa pole. Na Shee anaomba radhi kwa kuuliza jambo dogo wakati wa msiba, lakini kaka alisafiri kabla ya kuwaambia: yule ng'ombe alizaa?

Nilimsomea Maitu na hilo pia. Nikamwambia nitawaandikia ukweli, kwamba hakuna ng'ombe, wala boma la kumfunga. Maitu alikuwa anachambua maharagwe. Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Andika amezaa," akasema.

"Maitu."

"Andika. Wewe si ulimwahidi stesheni?"

Nikachukua kalamu. Nikamwuliza, dume au jike?

"Jike," akasema. "Wapate maziwa." Kisha akajifunika uso kwa ungo, maharagwe yote yakamwagika, na tukalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu sanduku lije.

Barua yao imeondoka jana kwa posta ya Thika, ya Kiswahili, ya kusomwa kwa sauti. Nimewaambia ndama ana alama nyeupe kwenye paji kama mama yake, na kwamba barua nyingine itakuja mwezi ujao. Kama hesabu ya mimba haiendi sawa na ile uliyowasomea, nisamehe. Hukuniachia nakala.

Ni mimi dada yako, yule wa kununa,
Wambui