Gauni la Mwenyewe

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kwanza. Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua kwa kuinamia yale mashuka ya hoteli? Usibebe peke yako, ita wenzako. Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo asubuhi, mchana anagombana na majirani, kwa hiyo ujue ni mzima. Mvua zimeanza vizuri na mahindi yamefika magotini.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni, maana nikinyamaza nitapasuka. Mzigo wako wa vitambaa ulifika. Ulifika kwa wifi.

Sikatai, wifi ni mke wa kaka yetu na ana heshima yake. Lakini unajua mimi habari ya mzigo niliipataje? Niliipata kwenye cherehani. Mkunga alikuja na kitambaa cha kijani, anataka gauni. Nikamwuliza kakipata wapi, akasema, kwani si zawadi ya mdogo wako, kagawa wifi yako? Nikatabasamu kama mtu anayejua. Mama wa mashine ya kusaga akaja na cha bluu. Mwalimu wa watoto wadogo, cha maua. Hata yule jirani tunayemwita Redio, ambaye siku unaondoka hakutoka kukuaga, kaja na chake, tena kirefu kuliko vya wote. Vyote vimepita chini ya sindano yangu, mdogo wangu, na mimi napima, nakata, nasifu rangi. Kwangu hakikuja hata cha kufungia kichwa.

Wivu? Ndiyo, wivu. Sina jina jingine la kuupa.

Na si kitambaa tu. Kila mwaka wanawake hawa huja kunisaidia palizi, kwa kuwa nguo za watoto wao nazitia viraka bila kudai kitu. Safari hii walipita mlangoni kwangu na majembe begani, wakanisalimia vizuri sana, wakaenda zao shambani kwa wifi. Kwangu walikuja baadaye, wachache, tena wamechoka. Siku hizi wanamwita Mama Mgao, naye anaitika.

Nikamwuliza kwa mzaha, mbona mimi nimerukwa. Akanijibu kwamba wewe ndiye uliyemwambia kwenye simu: dada asipewe pamoja na watu, dada ni mwenyewe. Kumbe kazi ya mwenyewe ni kushona vya wenzake!

Hazikupita siku nyingi, akaniletea kitambaa kilichozidi vyote, rangi ya damu ya mzee, kizito, kinateleza mkononi. Akasema, "Shona kwa kipimo chako tu, mwenyewe hana tofauti na wewe." Nikajua ni cha dada yake, yule mwenye mwili kama wangu na maringo yake mengi. Sikuuliza. Nilikata huku roho inaniuma. Kwapani nikabana, kiunoni nikabana, na ndani ya mshono sikuacha hata nafasi ya kufumua na kuongeza. Mabaki nikafutia mafuta ya cherehani. Nikasema moyoni, akapumulie huko kwao.

Siku ya kulichukua, wifi alikuja na wanawake wote, kila mmoja kavaa lake. Nikampa. Akalikunjua, akanirudishia mbele yao.

"Haya, vaa tukuone. Mdogo wako alitaka ulishone mwenyewe, anasema hakuna fundi mwingine anayeupatia mwili wako."

Nikavaa. Ningefanyaje? Mikono ikakataa kushuka. Redio akauliza kama siku hizi nashona nimefumba macho. Wifi alipitisha kidole kwapani, akaufuata mshono mpaka kiunoni, akanitazama. Alielewa. Kisha akawaambia wenzake kwamba nimenenepa kwa raha, wakacheka, yakaisha. Amenisitiri, na hilo nalo linaniudhi, maana sasa hata kumchukia vizuri siwezi.

Asante kwa gauni. Ni zuri kweli. Nalivaa nikiwa nimesimama.

Lakini wivu haujatoka, sikufichi. Rangi ulichagua na wifi. Siri uliiweka na wifi. Wewe zamani hata jino likitikisika ulikuja kunionyesha mimi kabla ya mama. Leo jambo langu kijiji kizima kinalijua, mimi nakuwa wa mwisho. Mzigo ujao mpe wifi wote, agawe mpaka achoke, wala usinibakizie kitu. Ila ukishika simu, anza kwangu. Hata kama huna la kusema, piga, tunyamaze pamoja.

Baba anakusalimu, anasema ule vizuri na usiazime viatu vya watu. Kaka anakusalimu. Mkunga na mama wa mashine wanakushukuru sana, wanazidi kupendeza. Wifi naye anakusalimu, ingawa nadhani alishakusalimu mwenyewe.

Mungu akulinde huko ulalako na huko ufanyiako kazi, na mgongo wako aushike kwa mkono wake.

Wako akupendaye tangu wifi hajaolewa,

Dada