Neno Nililolisema Jumatatu

Mbinga, Alhamisi, katikati ya Julai.

Ukungu haujainuka tangu alfajiri. Baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye vidole, na hicho ndicho kisingizio changu cha kuandika polepole. Ukweli ni kwamba sitaki kufika kwenye sehemu ninayopaswa kuiandika.

Nimejifungia ofisini. Chini mitambo imezimwa kwa siku ya pili. Kiwanda cha kukoboa kahawa kikinyamaza katikati ya msimu kinatisha, unasikia hata panya wanaopita juu ya magunia.

Mimi ndiye meneja hapa. Nilianzia kazi humu humu enzi za ushirika, nikiwa karani wa mizani. Soko la kahawa lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia, kampuni iliyochukua kiwanda ilinikuta, ikanipandisha cheo. Waliniambia wanataka mtu mkali.

Nikawa mkali.

Kila siku saa moja na nusu asubuhi wafanyakazi hukusanyika uani, nami husimama kwenye ngazi za ofisi na kuwaambia mambo mawili matatu. Sikuwahi kuyaandaa. Nilisema lililonijia. Niliamini kwamba uongozi unafanyika mezani, kwenye simu na mikataba, na kwamba pale kwenye ngazi nilikuwa napasha tu mdomo moto.

Wiki mbili zilizopita kahawa ilianza kupungua ghalani. Makao makuu walinipigia simu wakaniuliza kama nafuga wezi. Neno hilo lilinichoma. Nililala nalo, nikaamka nalo, na Jumatatu nilipanda ngazi bado liko kooni.

Nikawaambia: "Mwizi ni nyoka. Nyoka hapelekwi ofisini akaandikiwa barua. Nyoka anapondwa kichwa."

Walicheka, watu zaidi ya sitini. Odilo, kiongozi wa zamu, mtu wangu wa kuaminika kutoka Litumbandyosi, alipiga makofi. Nami nikacheka. Nilirudi mezani nikijiona mtu anayejua kusema na watu.

Niliipenda ile sentensi. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nazungumza kwa simu na mkubwa wangu wa Dar es Salaam. Nikasikia makelele kutoka ghala la nyuma. Watu walikuwa wakiita, "Nyoka! Nyoka!" Sikushtuka. Nyoka hupenda kuingia kwenye lundo la maganda ya kahawa kufuata joto, na kila msimu tunaua wawili watatu. Niliziba sikio moja kwa kiganja nikaendelea na mazungumzo.

Nilimaliza simu. Nikaandika nilichoagizwa. Nikanywa hata chai iliyokuwa imebaki kikombeni.

Polisi wameniuliza zilikuwa dakika ngapi. Sijui. Zilikuwa dakika za kutosha.

Kilichonitoa ofisini ni kwamba makelele yalipungua ikabaki sauti moja, kitu kigumu kikipiga kitu laini, tena na tena, kwa mpigo ule ule, kama mtu anatwanga.

Walikuwa wamemzunguka mtu aliyelala chini kati ya magunia. Alikuwa mbeba mizigo wetu mmoja, kijana wa watu wa Ziwa Nyasa. Mlinzi alimkamata akitoka na kahawa aliyojifunga miguuni ndani ya suruali, mifuko miwili ya nailoni. Aliiba. Naandika hivyo waziwazi ili baadaye nisije nikajitungia hadithi nzuri zaidi. Mifuko ilikuwa imepasuka, punje zimetapakaa kwenye damu, na waliokuwa wakipiga walikuwa wakiteleza juu yake.

Walitumia mbao za kupangia magunia. Mmoja alikuwa na koleo. Uso wa yule kijana haukuwa uso tena. Jicho la kushoto lilikuwa limetoka mahali pake, taya limekaa upande, na mkono aliojikingia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Bado aliuinua. Wakaupiga tena, mimi nikiona.

Nilipaza sauti waache. Hawakuacha. Sauti yangu, inayojulikana kiwanda kizima, ilipita juu ya vichwa vyao kama upepo.

Aliyewasimamisha ni Mama Gaudensia, mkubwa wa akina mama wanaochambua kahawa, mtu mzima mwenye wajukuu. Alipita kwa magoti katikati ya miguu yao akajilaza juu ya yule kijana. Ubao uliokuwa tayari hewani ulimshukia begani. Tulisikia mfupa ukikatika. Ndipo wakasimama.

Kisha wakanigeukia mimi. Sikuona woga kwenye macho yao. Waliniangalia kama mwanafunzi aliyemaliza hesabu ubaoni anavyomwangalia mwalimu wake. Odilo alikuwa anahema, damu imemrukia mpaka kwenye ukosi wa shati.

"Meneja," akasema, kwa adabu kabisa, "tumefanya kama ulivyotuambia."

Tuliwapakia majeruhi wote wawili kwenye gari la kubebea kahawa tukawakimbiza hospitali. Kijana yu hai. Jicho wameliondoa. Taya wamelifunga kwa waya, na bandama nayo wameitoa. Daktari alinieleza haya yote bila kuniangalia. Polisi walimchukua Odilo na wenzake wawili siku hiyo hiyo, mchana.

Makao makuu walipopata habari walinielekeza cha kuandika: wafanyakazi walijichukulia sheria mkononi, uongozi haukuhusika kwa namna yoyote. Nikaandika. Nikaenda kituoni nikatoa maelezo ya namna hiyo hiyo, nikatia saini.

Kalamu ilikwenda yenyewe.

Jana asubuhi baba yake yule kijana alifika kutoka Liuli, amepanda lori la dagaa na nguo zake bado zinanuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. Nilijiandaa aniulize ni nani waliompiga mwanawe. Hakuuliza. Aliniambia kwamba kabla ya kwenda hospitali alipita getini kwetu akimtafuta Wilfred, na walinzi wakamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Alipowaeleza kwamba ni yule aliyepigwa, wakasema, aa, yule Mnyasa.

"Amefanya kazi kwenu misimu mitatu," mzee akasema. "Mwanangu, jina la Wilfred lina ugumu gani?"

Mimi ndiye niliyeanza. Siku yake ya kwanza kazini, nikiwa pale pale kwenye ngazi, nilimwita "wewe Mnyasa, uliyezoea kubeba samaki," na watu wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine. Nimekuwa nikijiuliza kama ingekuwa rahisi vile kumpiga mtu mwenye jina. Labda ingekuwa rahisi tu. Lakini mimi niliwapunguzia kazi.

Baada ya hapo nilikwenda wodini kwa Mama Gaudensia. Bega na mkono vimefungwa plasta, amekaa anasali rozari kwa mkono mmoja. Nilianza kumshukuru kwa kuokoa uhai wa mtu. Alinikatiza.

"Usinishukuru, mwanangu. Jumatatu na mimi nilicheka."

Nilitoka mle nikasimama kwenye korido. Muuguzi akaniuliza kama mimi ni ndugu wa mgonjwa.

Leo asubuhi nimempigia mkubwa wangu nikamwambia nakwenda kubadilisha maelezo yangu. Akasema atakuja mwenyewe Jumatatu, na kwamba mpaka hapo nisizungumze na mtu. Nikaweka simu chini nikatembea kwa miguu hadi kituoni. Kesho kiwanda kinafunguliwa, amri yake, kwa sababu wakulima wakikuta geti limefungwa watapeleka kahawa kwa mnunuzi wa jirani.

Askari wa zamu ni mtu ninayesali naye parokia moja. Nilimsimulia Jumatatu yote: nilivyosema, walivyocheka, nilivyocheka. Nikamsimulia na ile simu, na chai. Aliweka kalamu chini.

"Kaka, hili halimtoi Odilo," akaniambia. "Linaweza tu kukuingiza na wewe. Niandike?"

Nikamwambia aandike.

Aliandika kurasa mbili. Nilizisoma nikatia saini, na safari hii kalamu ilinisumbua. Hayo maneno yangu ya ngazini, yakiwa kwenye karatasi ya polisi, hayachekeshi hata kidogo. Nilijaribu kukumbuka ni kitu gani kilichotuchekesha.

Niliomba kumwona Odilo. Walinipitisha mpaka kwenye nondo za mahabusu. Alikuwa peku, amekonda kwa siku mbili tu, au labda ni ule mwanga. Miaka mingapi nimempa maagizo yangu nusu, yeye akayakamilisha? Nikisema "lile gunia," anajua ni lipi. Nikikunja uso, anajua ni nani amekosea. Nilikuwa najivunia hilo mbele za watu. Nilisema, Odilo ananielewa kabla sijamaliza.

Nilimweleza kwamba nimesema ukweli. Hakunishukuru. Alizishika nondo akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hukuwa unamaanisha?"

Ningeweza kusema sikumaanisha. Ingekuwa rahisi, ni neno moja, na nadhani alitaka kulisikia au aliogopa kulisikia, sijui ni lipi. Lakini nilikuwa nimemdanganya mtu huyu kwa miaka kwa maneno ambayo sikuyapima, nikaona angalau hili nilipime.

"Nilimaanisha," nikamwambia. "Siku ile, nilipokuwa nasema, nilimaanisha."

Alitikisa kichwa taratibu. Akageukia ukutani.

Nimerudi hapa, na ni jioni sasa. Nimeomba daftari la majina kwa karani, nimekuwa nikiyasoma kwa sauti, yote, kuanzia ya wabeba mizigo. Ninaowajua kwa jina lililoandikwa humu ni wachache mno. Wengine nawajua kwa kabila, kwa ulemavu, kwa kijiji. Majina hayo nimeyatoa mimi, na yameshika.

Kesho saa moja na nusu watasimama uani. Odilo hatakuwepo, Mama Gaudensia hatakuwepo, Wilfred hatakuwepo. Waliobaki wataniangalia mdomoni. Huenda ikawa asubuhi yangu ya mwisho pale kwenye ngazi kabla mkubwa hajafika.

Sijui bado nitaanza na neno gani. Najua tu kwamba watalisikia.