Hapana ya Mara ya Tatu

Leeds, 9 Oktoba

Baba, shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Lanzhou? Mimi mwili mzima, ulimi ndio mgonjwa. Kiingereza nilichojifundisha kwa redio ya jikoni kwako, huku supu ikichemka, hapa hakifui dafu. Darasani nikimaliza kupanga sentensi yangu, wenzangu wameshahamia jambo lingine. Disemba nina mtihani wa kusimama kuongea mbele ya wote. Nikianguka, chuo ndiyo basi.

Jana Mwalimu Hartley kaniuliza, “Ruolan, nikusaidie mazoezi kila Alhamisi?” Nikamwambia, “Hapana mwalimu, usijisumbue.” Nikangoja aulize tena. Akasema, “Haya, sawa,” akabeba kahawa yake, akaenda zake.

Nikifaulu, nije Mwaka Mpya wetu wa Kichina?

Mwanao, Ruolan

Lanzhou, 27 Oktoba

Mwanangu, hatujambo. Goti linalalamika ila linatembea. Nimecheka hadi pilipili zikaungua.

Siku niliyokwenda kumposa mama yako, Mungu amrehemu, bibi yako aliniwekea nyama ya kondoo. Nikasema nimeshiba. Akaniwekea tena, nimeshiba. Mara ya tatu nikala mpaka mifupa ikang'aa. Angeuliza mara moja tu, nisingeoa. Kwani huyo mwalimu wako hakulelewa na bibi?

Mwaka Mpya usije. Nauli si mchezo.

Baba yako

Leeds, 15 Novemba

Baba, pokea salamu, na goti nalisalimu. Wiki nzima nilijipitishapitisha mlangoni kwa mwalimu, nikingoja aulize tena. Wapi. Bronagh, tunayekaa naye chumba kimoja, akanicheka: “We dada, unangoja tarumbeta? Kagonge.” Nikaenda, nikagonga. Nikamwambia mwalimu, “Ule msaada, nautaka.” Akasema, “Mbona nilidhani hunitaki?”

Sasa kila Alhamisi naongea mpaka taya linauma. Naongelea duka letu la tambi: unga unavyolia mezani ukiupiga, mvuke kwenye kioo, wewe ukiita, “Ruolan, figili!” nami nikizikata za supu. Nikikumbuka hayo, maneno yanakuja yenyewe.

Nije, Baba?

Mwanao, Ruolan

Lanzhou, 2 Disemba

Mwanangu, tu wazima, theluji imeanza. Meza yako ya dirishani simpi mtu, wateja wananuna. Lakini usije. Safari ndefu, utachoka bure.

Baba yako

Leeds, 14 Disemba

Baba, shikamoo, na goti? Nimefaulu. Nilipomaliza, kijana mmoja kauliza kwa nini unga unapigwa mezani. Nikajibu hapo hapo, sikupanga sentensi hata moja. Darasa zima likasikia njaa.

Huku hapana ni hapana, anayeuliza tena anaonekana msumbufu. Nimeanza kuzoea, Baba, na barua yako nilikaribia kuiamini. Halafu nikarudia kusoma pale ulipotaja meza ya dirishani.

Basi nauliza mara ya tatu. Nije?

Mwanao, Ruolan

Lanzhou, 29 Disemba

Njoo. Figili nimeshanunua.

Baba yako