Dakika Nilizomficha Anitha

Jumatatu, 3 Juni
Mimi sijui kuanza karatasi bila salamu, hata daftari hili ambalo haliendi kwa mtu. Basi. Mama mkwe hajambo, mguu tu. Baba Anitha hajambo, yuko shambani kwenye maharage. Wanangu wadogo: Esta hajambo. Zawadi ana mafua. Binti yangu mkubwa, Anitha, kule Kasulu sijui, hajapiga tangu Ijumaa. Mimi nimechoka.

Saa mbili nimewasha kompyuta ya chumba chetu cha cherehani pale kanisani. Nikafungua ile programu ya kuchorea pateni za nguo. Nimetia uzi cherehani tatu, nimefagia, bado kiduara kinazunguka. Dakika kumi na moja kwa saa ya simu. Mama Furaha, mwenzangu wa cherehani, kasema inachelewa kama bwana harusi wa Kasulu.

Kwa Anitha nimetuma: dakika mbili.

Jumanne, 4 Juni
Kumi na tatu. Nimetuma mbili.

Najua ni uongo. Lakini programu yenyewe ni ya bure, wanaitengeneza watu wa nchi nyingi kwa kujitolea, na mwanangu yumo. Kazi yake ni kutuuliza sisi tunaoitumia: ina kasi gani, na tunataka iongezwe nini. Sasa huku kwetu mtu akikuletea maharage, hutoi mawe mdomoni mbele yake. Unasema mwakoze, asante, unameza. Nitamwambiaje mtoto wangu chakula chake kina mawe?

Nimewauliza kina mama wenzangu wa cherehani wanataka nini. Wote sita: "Ni nzuri, tunashukuru." Nikatuma hivyo hivyo. Kwenye chai ndiyo nasikia. Mama Furaha haoni namba za vipimo, ni ndogo. Umeme ukikatika mchoro wote unapotea. Hayo sikutuma.

Alhamisi, 6 Juni
Anitha kapiga. Anacheka mpaka maneno hayatoki. Wenzake wa programu wamesoma majibu ya kwetu Kibondo, wamefurahi, kumbe hata kompyuta kuukuu inakwenda mbio! Kwa hiyo toleo jipya wataweka picha ya mtu mzima, amevaa nguo, anageuka huku na huku. Jumamosi wanapitisha. Hili la zamani wanaliacha, likiharibika hakuna wa kulitengeneza.

Kompyuta yetu haitabeba hiyo picha. Kwa programu ya sasa tu inahema. Tutarudi kukata kwa kukadiria, na sare za watoto zitoke mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, kama zamani.

Nimemwambia hongera mwanangu.

Ijumaa, 7 Juni
Sikula asubuhi. Wamekuja kina mama, nimewaambia kabla hawajakaa. Nimedanganya. Dakika zote nilizotuma si za kweli.

Halafu Mama Furaha: "Kumbe anayechelewa ni wewe, mama Anitha, tunaisingizia kompyuta."

Wamecheka. Mimi nimecheka na kulia pamoja. Ndipo nao wakafunguka. Namba ziwe kubwa. Mchoro ujihifadhi wenyewe. Mwingine anataka pateni zipangwe vizuri juu ya kitenge, kisibaki kipande cha kutupa. Mambo mazuri! Yalikuwa yamekaa kooni tu.

Nimepiga picha ukurasa wa dakika za kweli, nimemtumia Anitha. Nikaandika: ni mimi mama yako niliyeficha, sikutaka kukutolea mawe mbele ya wenzako.

Amesoma. Hajajibu. Atakuwa anaona aibu kwa watu wake. Mimi ndiye niliyemtia aibu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe hajambo. Baba Anitha hajambo, maharage yamekauka, anayapura. Esta hajambo. Zawadi mafua yamekwisha.

Nimefungua chumba peke yangu. Kiduara. Nimekaa nacho, sikufagia, sikutia uzi. Dakika kumi na mbili. Nimetuma kumi na mbili.

Saa sita simu imelia. Ujumbe wa Anitha, hauna hata salamu: "Picha tumeisimamisha. Kwanza tunapunguza uzito wa programu. Mama, toa mawe yote."

Nimesoma mara tatu. Nimeandika yote ya kina mama, moja moja, na langu moja: hicho kiduara kingekuwa kinasema kimebakiza kiasi gani, mtu angesubiri na moyo umetulia.

Nimetuma. Chini nikaongeza ajibu upesi, hata kama ni kuniambia tu amekula.