Mzani wa Dhahabu Haupimi Diski

Mwakitolyo,
Shinyanga.
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Benedict,

Mwangaluka, kama barua hii imekukuta asubuhi. Kama ni jioni, basi mwadila. Hujambo? Lile jino uliling'oa au bado unalibembeleza? Sisi huku wazima, vumbi tu la machimboni. Blessing ameanza shule ya awali, na kila siku anarudi na nusu ya mchanga wa uwanja mifukoni.

Nimeamua kuandika na kumpa barua Sesilia, anayepanda basi kesho kuja Dar, kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Ukisema "nimeelewa, dada", najua umeshaacha kusikiliza. Barua huwezi kuikatiza.

Nimeliona tangazo la yule muuzaji wako wa vipuri vya kompyuta mtandaoni. Nimeisoma pia amri yako kwamba nimtumie haraka hela ya yule mtamba wa mama tuliyemuuza mnadani Mhunze ili upate mashine ya kazi. Hela ipo kwangu, salama. Sijaituma, na kwa mtu huyo sitaituma. Tulia nikueleze.

Mwezi uliopita shemeji yako Makoye aliniagizia diski ya kuhifadhia kazi za duka langu la uchapaji, mtandaoni hivyo hivyo. Unamjua Makoye: ananunua dhahabu kwa wachimbaji tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumpiga. Kifurushi kilipofika kwa basi, aliichukua diski akaiweka kwenye mzani wake wa dhahabu. Akaigeuza, akaipima tena, akatabasamu. Kwake yeye kitu kizito ndicho cha kweli, na chepesi kimechakachuliwa. Nikamwomba tuijaribu kwanza kabla ya kumalizia malipo; akaniambia mzani umeshasema.

Basi nikahamishia humo mitihani ya majaribio ya darasa la saba ambayo walimu wa kata yetu walinipa niichape. Majina ya kazi zote yalionekana vizuri, nikazifuta kwenye kompyuta ili nipate nafasi. Siku ya kuchapa, mitihani miwili ya kwanza ilifunguka. Mingine yote ilikuwa majina matupu, ndani hakuna hata herufi. Nililia, Benedict, mbele ya wateja. Ilibidi mimi na msaidizi wangu Vaileth tuandike upya kila kitu kutoka kwenye karatasi za walimu, na wengine walikuwa wameshazitupa.

Ndipo nikachukua bisibisi nikalifungua lile kasha. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya simu, isiyoweza kubeba kazi zote zile, imebandikwa kwa gundi, na nati mbili nene za kuongezea uzito. Makoye aliziangalia weee, kisha akasema, "Mama Blessing, mimi nilipima uzito." Nilitaka kumcheka, lakini sura yake ilinitia huruma.

Sasa turudi kwa huyo wako. Nimemchunguza. Picha ya duka lake nimeikuta kwa muuzaji mwingine mwenye jina jingine. Sehemu ya maoni ameifunga, ili waliolizwa wasiseme. Nilipoingiza namba yake ya malipo, jina lililotokea si la duka wala si lile analojiita. Nikimuuliza swali, hajibu. Ananiharakisha tu kwamba mzigo umebaki mmoja. Na hiyo bei yake ya nusu ya wenzake, jiulize yeye anapata nini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kariakoo si mbali nawe. Nenda kwenye duka lenye mlango na mtu wa kumdai kesho. Vipuri vifungwe mbele yako, mashine iwake. Diski ijaze mpaka ishibe, kisha fungua ulichoweka, kimoja kimoja. Namba iliyo kwenye kipuri ilingane na ya kwenye boksi, na dhamana iandikwe kwenye risiti. Halafu nipigie simu ya video ukiwa hapo hapo, nikuone na nimwone muuzaji, nami nitamlipa wakati huo huo. Ukiona huo ni usumbufu, hela itakaa.

Utanuna, najua. Nuna.

Jumapili iliyopita baada ya misa nilikwenda Kishapu kumwona mama. Hajui diski ni nini. Anajua tu kwamba mwanawe atapata kazi ya kutengeneza video za harusi. Jioni alikuwa akiwaita ng'ombe wake kwa majina waingie zizini, na akamwita na yule mtamba tuliyemuuza. Akageuka kutazama njia. Kisha akaendelea na wengine. Kwa hiyo usiniombe tena nitume, mdogo wangu.

Makoye anakusalimu, na Blessing anamuulizia mjomba wake. Mfikishie salamu wifi Philomena, pamoja na mjomba Pantaleo ukimwona. Mungu akulinde katika kazi zako, akupe na subira.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nyamizi